Mwizi alifungua mlango kwa spana, akauegemeza ukutani

Ilikuwa Jumanne asubuhi, natoka na kikombe cha chai nikapashe gari moto, nakuta mlango wa kushoto wa Landrova umeegemezwa ukutani. Haujavunjwa, haujapinda hata kidogo, umewekwa vizuri kabisa pembeni ya ndoo za maua za mama watoto, na bolti zake zimepangwa juu ya kipande cha boksi kama anavyofanya fundi mwenye adabu zake. Sasa kilichonichekesha, yaani nilicheka kabla sijakasirika, lock ya ule mlango ilikuwa bado imefungwa. Nikaijaribu hendo pale pale ukutani, imelock. Funguo ninayo mfukoni, mlango umefungwa, ila gari liko wazi.

Alichofuata ni betri. Kwa wasioijua one ten, yaani Landrova Defender 110, betri yake haikai mbele kwenye injini, inakaa chini ya siti ya kushoto, unanyanyua mto wa siti kwa mkono mmoja, chini kuna kifuniko cha bati chenye klipu moja, ukiiachia klipu unakutana na betri yako ya N70 imetulia. Ilikuwa na miezi mitatu tu, nilinunua laki mbili na themanini na risiti bado iko kwenye dashibodi, hiyo hakuigusa. Angeweza kuvunja kioo akamaliza mapema lakini kioo kina kelele, na mbwa wa jirani hapa Sakina, Arusha, hata jani likidondoka anabweka. Spana haina kelele. Bolti za bawaba ziko nje, zinaonekana, na zangu fundi wa zamani alishatoa zile za kiwandani akaweka za kawaida za spana namba 13, spana ambayo kila mtu anayo hadi bodaboda.

Kinachoniuma zaidi ni traka, kile kifaa cha kufuatilia gari kwa simu. Nililipia traka mwaka jana, na ilifanya kazi yake vizuri tu, saa tisa na dakika kumi na moja usiku ilinitumia meseji kwamba gari linatikiswa, mimi nimelala, simu iko silent chini ya mto. Halafu na yenyewe ikazima maana ilikuwa inakula umeme wa betri ile ile. Kumbe zipo zenye kabetri kake ka ndani, mimi nilichukua ya bei rahisi.

Nikampigia mjomba, maana gari ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, shukuru Mungu mlango kakuachia, huo mlango ni ghali kuliko betri." Na kweli, nilikuja kuulizia bei nikanyamaza.

Nimeulizwa na watu kama watatu mwezi huu, wanataka kununua gari la zamani la porini, one ten, mkonga (ile Landkruza yenye bomba la hewa refu kama mkonga), Landrova 109 ya marehemu babu iliyoko shambani, na swali ni lile lile, hivi haziibiwi? Wengine wanaamini gari la zamani haliibiki kwa sababu nani atalitaka, wengine wanaamini hata mtoto wa darasa la tano analiwasha na bisbisi. Wote wako sahihi, ndio shida ilipo.

Nianze na ubovu wake. Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam 1948, ikiwa gari ya mkulima, na mkulima hakuwa anafikiria wezi, alikuwa anafikiria atafunguaje kitu akiwa matopeni peke yake. Kwa hiyo gari zima linafunguka. Hiyo ndio raha yake na ndio msiba wake. Kwenye 109 za zamani nusu ya juu ya mlango, ile yenye vioo vya kusukuma, inatoka yenyewe ukifungua nati, na boneti unaifungua kwa nje tu ukiwa umesimama barabarani. Mjomba alikuwa nayo moja akibeba abiria njia ya Monduli enzi hizo, anasema funguo yake ilikuwa inawasha na Landrova ya mwenzake, siku moja walibadilishana magari bila kujua, kila mtu amefika kwake ndio anashangaa mbona kuna mbuzi nyuma.

Yangu ni ya 1996, injini ya dizeli 300Tdi, zile zilizoanza kutoka 1994. Dizeli ya zamani haina kompyuta ya kumuuliza mtu wewe ni nani. Haina plagi za cheche, haina koili, inataka umeme kidogo pale kwenye pampu na stata izunguke, ikishawaka inajiendea. Ulaya walikuja kulazimisha gari mpya ziwe na immobilaiza, ile inayomtambua mwenye funguo, kuanzia Oktoba 1998, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, gari nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo zinategemea kipande cha chuma kinachozungushwa kwenye tundu, na tundu lenyewe limelegea kwa miaka, yangu mimi funguo naitoa injini ikiwa inaunguruma na haijali. Lock ya stelingi ilishakufa kabla sijalirithi.

Sasa wenye gari mpya msicheke sana. Hizo za kubonyeza batani zina ugonjwa wao, wanakuja wawili, mmoja anasimama na kimashine karibu na mlango wa nyumba yako kinavuta mawimbi ya funguo iliyoko mezani, mwenzake yuko kwenye gari na kimashine cha pili, gari linadhani mwenyewe amefika, linafunguka, linawaka, kwaheri. Uingereza Range Rover mpya zimeibiwa hivyo hadi watu wakawa wanahangaika kupata bima. One ten huwezi kuifanyia hivyo, utavuta mawimbi ya nini. Ukitaka kuiiba lazima uje na mikono yako na uchafuke.

Ila wanakuja. Kule Uingereza zinakotoka ndio balaa, Defender ya umbo la zamani ilisimamishwa kutengenezwa Januari 2016 pale Solihull, na kitu kikishaacha kutengenezwa bei inapanda, halafu Wamarekani nao sheria yao inawaruhusu kuingiza gari la nje likishafikisha miaka 25, kwa hiyo gari ambalo mkulima alikuwa anabebea kondoo limekuwa la watu wenye hela zao. Matokeo yake wakulima wa Uingereza wanaamka wanakuta gari halina boneti, au halina milango, yaani yale yale yaliyonikuta mimi Sakina. Niliposoma hilo nilijisikia nafuu, sijui kwa nini.

Maana hapo ndipo ninapotaka mtu anayenunua aelewe. Kuibiwa gari zima ni jambo moja, na mwenye mkonga alale jicho moja wazi maana soko lake ni kubwa, kila mwenye kampuni ya utalii anautaka. Ila one ten mara nyingi inaliwa kipande kipande. Bodi ni bati za aluminiamu zilizofungwa kwa bolti, na mlango hauna namba, boneti haina namba, fenda haina namba. Namba ya chasesi imegongwa kwenye chuma chenyewe mbele upande wa kulia, kuna na kibati kingine kimepigwa riveti tu, kibati unaweza kukihamisha kwa dakika tano. Ukiona gari la kununua usiangalie kibati, lala chini, chukua brashi ya waya, sugua chasesi mpaka namba isomeke uilinganishe na kadi. Muuzaji akianza kukuharakisha hapo, amka ujipanguse vumbi uende zako.

Fundi wangu wa Kijenge tulikaa naye Jumamosi nzima. Kwanza bolti za bawaba, aliweka mpya, akazikaza, halafu akachukua grainda akasaga vichwa vikawa duara kama kifungo cha shati, spana haina pa kushika. Nikamuuliza, siku tukitaka kuutoa mlango sisi wenyewe je? Akaniangalia. "Bosi, siku hiyo utanilipa tena." Sawa.

Kwenye betri nilitaka achomelee kishikio cha kufuli, akanicheka, lile boksi la siti ni aluminiamu, welding ya mtaani hailiwezi, ukilazimisha unatoboa tundu, kwa hiyo kapiga riveti nene na bamba la chuma juu yake. Sio imara sana, mtu mwenye mtaimbo anaing'oa, ila mtaimbo una kelele na mbwa wa jirani yupo.

Halafu swichi ya kukata betri. Wengi wanafunga ile yenye kifunguo chekundu cha plastiki wanaweka pale pale chini ya siti, wanatoka wamekining'iniza kwenye funguo za nyumba wanajiona wana usalama. Ndugu zangu, vile vifunguo vyekundu karibu vyote vinafanana, duka lolote la spea wanakuuzia kingine, chako kinafungua cha kwangu. Swichi yenyewe ni nzuri tu ila ifichwe.

Mimi ninayoipenda ni koki ya mafuta. Tuliikatia kwenye laini ya dizeli, koki ya kawaida ya kufunga kwa mkono, iko sehemu ambayo siisemi hapa hata mke wangu haijui. Uzuri wake ni kwamba gari linawaka. Mwizi anafurahi, anaondoka, dizeli iliyobaki kwenye laini inampeleka mita kadhaa halafu inakata, na dizeli ikishavuta hewa huwezi tu kupiga stata ukaendelea, lazima utoe hewa kwenye filta, kwa hiyo amekwama katikati ya barabara na gari ambalo mtaa mzima unalijua ni la nani. Hiyo sio lock, ni aibu, na nadhani mwizi anaogopa aibu kuliko kufuli.

Na kuna ya bure kabisa ambayo mjomba alinifundisha kwenye simu siku ile ile, akishamaliza kucheka. Ile gia ndogo, yaani mkono wa pili wa gia ulio pembeni ya ule mkubwa, iweke katikati, free. Injini itawaka, gia zitaingia, gari haliendi popote. Hendibreki ya one ten inashika kwenye shafti ya nyuma, nyuma ya hiyo gia, kwa hiyo gari halitembei lenyewe hata ukiiacha free, mradi hendibreki yako ni nzima, kama haishiki usijaribu kwenye mlima utaniletea kesi. Kijana wa kuosha magari alitaka kuisogeza mita mbili wiki iliyopita, akaweka moja, akaachia klachi, kimya, akaweka mbili, kimya, akashuka akachungulia chini ya gari kama anatafuta miguu. Vijana wengi wamekua na otomatiki, ile gia ya pili wanadhani ni ya kushikia tu.

Kingine ni kuchora. Watu wa Dar wanajua hili siku nyingi, gari halitoki nyumbani kabla saitmira na taa havijaandikwa namba ya gari. Mimi nimeandika hadi ndani ya milango na chini ya boneti, herufi kubwa mbaya mbaya, fundi wa rangi alisikitika. Mwizi akibeba mlango anabeba na jina langu, asage weee aluminiamu ile ni laini, alama itabaki.

Bima sina la maana la kusema. Nina ile ndogo ya kuwalipa wengine, bima kubwa niliomba sehemu mbili, wa kwanza alisikia mwaka wa gari akauliza kama natania, wa pili alitaka kulithamini gari kwa bei ambayo hainunui hata hiyo injini. Basi nikabaki na koki yangu.

Mlango tuliurudisha ila haukai kama mwanzo, kwa juu kumebaki kijitundu ambacho ukifika spidi sitini kinapiga mluzi, na mvua ikinyesha abiria wa kushoto anapata yake. Na juzi Ijumaa nimechelewa kazini, nimerudisha gia ndogo, nimewasha swichi ya siri, nimeingia barabara kubwa ya Nairobi kwa mbwembwe, nimefika karibu na kituo cha hiace injini ikakohoa mara mbili ikazima. Koki. Nimeshuka na bisbisi natoa hewa kwenye filta, mikono dizeli tupu, shati jeupe, nyuma yangu foleni hadi sheli, kijana wa boda akasimama ubavuni, akaniangalia mimi, akaangalia gari, akaniuliza kwa sauti wote wasikie: "Mzee, hilo gari ni lako kweli?"