Kutoka Anam hadi Taepyeongno, nikimfuata Yu Jin-o

Matembezi yangu ya Seoul niliyaanzia Anam, mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Korea, jengo la mawe lililosimama tangu 1934. Yu Jin-o alifundisha sheria hapa chuo kikiitwa bado Bosung, na baadaye akawa mkuu wake hadi 1965. Mwaka 1948 ndiye aliyeandika rasimu ya katiba ya kwanza ya Korea Kusini. Alitaka serikali inayowajibika kwa Bunge. Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, akakataa katakata, akitaka urais wenye nguvu, na vifungu vikageuzwa dakika za mwisho.

Nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikabadilisha Dongmyo, nikashukia City Hall. Karibu na hapo, eneo la Taepyeongno, lipo jengo lenye mnara wa saa. Leo ni la Baraza la Jiji, ila kuanzia 1954 hadi 1975 lilikuwa Bunge. Hapo nilikaa sana.

Profesa huyu aliingia siasa ana miaka sitini, na 1967 akaongoza chama cha upinzani cha Shinmin. Mwaka 1969 Rais Park Chung-hee akataka kubadili katiba agombee muhula wa tatu, na wabunge watatu wa Shinmin wakamuunga mkono. Sheria ya wakati ule ilisema chama kikivunjwa, wabunge wake hupoteza viti. Aliyefukuzwa chamani hubaki nacho. Basi Shinmin kikawafukuza wabunge wake waaminifu 44, kisha kikajivunja. Wale watatu wakakosa viti, na baada ya siku chache chama kikaundwa upya. Sijaona upinzani popote uliotumia kifungu cha sheria kwa ujasiri kama huo.

Haikutosha. Wapinzani wakiwa wameukalia ukumbi, usiku wa kuamkia Septemba 14 wabunge wa serikali walikutana katika jengo dogo ng'ambo ya barabara, wakapitisha mabadiliko kwa kura 122. Nilivuka barabara hiyo polepole, hasira imenijaa.

Simtakasi Yu. Jina lake limo katika kamusi ya Wakorea walioshirikiana na ukoloni wa Kijapani, iliyotolewa 2009, na wanaomlaumu wana haki. Lakini hili la 1969 nalo ni lake.

Ugonjwa ulimtoa uongozini. Alifariki Agosti 1987; Oktoba mwaka huohuo Wakorea walipitisha kwa kura ya maoni katiba inayompa rais muhula mmoja tu wa miaka mitano.