Siku Pacquiao aliposhindwa, chupa nilishika mimi

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2015 meli yetu ilikuwa gatini Manila, kwenye bandari ya makontena, na kati ya Wafilipino wote tuliokuwa nao melini hakuna aliyekuwa na akili ya kazi. Bondia wao Manny Pacquiao alikuwa anapigana na Mmarekani Floyd Mayweather kule Las Vegas. Marekani ilikuwa bado Jumamosi usiku. Huku ilikuwa inakaribia saa sita mchana, na jua la Mei la Manila halimhurumii hata mtu wa Mombasa. Bosun wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzaliwa wa Tondo, mtaa ulioshikana na bandari ile, alikuwa ameshaniombea ruhusa kwa chifu injinia bila hata kuniuliza. "Vaa viatu," akaniambia, "twende kwetu."

Barabara ambayo siku nyingine unaivuka huku ukipiga dua ilikuwa tupu. Jeepney, matatu za kwao, zimeegeshwa, madereva wamejazana mbele ya televisheni ya duka. Sisi tulielekea kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa, ule wenye paa la mabati. Tondo unaweza kukosa maji, goli la kikapu hulikosi. Wakuu wa barangay, ndiyo serikali yao ya mtaa, walikuwa wametundika skrini kubwa na kulipia matangazo ya moja kwa moja. Waliobaki nyumbani na televisheni za bure walikuwa wanakatiziwa pambano kwa matangazo ya biashara, wakawa nyuma yetu kwa muda mrefu. Wanaume walijaa mpaka juu ya vyuma vya goli, fulana zimekunjwa hadi kifuani, matumbo nje, wanajipepea kwa vipande vya boksi.

Kwa watu wale Pacquiao si bondia tu. Alitoka mji wa General Santos, kusini mwa nchi, akiwa kijana mdogo, akaja Manila, akalala barabarani, akafanya kibarua cha ujenzi. Kufikia siku ile alikuwa ameshachukua mataji katika uzani 8 na alikuwa mbunge wa jimbo la Sarangani. Kila mzee pale Tondo alikuwa na hadithi ya kumwona akila mahali fulani enzi za njaa yake. Kama zote ni kweli, basi Manny alikuwa anakula sana.

Raundi ya 4 alimpata Mayweather kwa mkono wa kushoto, akamsukuma kwenye kamba na kumfululizia ngumi. Uwanja ulilipuka. Mzee nisiyemjua alinikaba shingo kwa furaha. Baada ya hapo Mayweather akarudi kwenye mchezo wake wa kukwepa, kukumbatia, kudokoa na kuondoka. Alama za majaji zikasomwa: 118–110, 116–112, 116–112, zote za Mayweather. Watu walitoka uwanjani bila kutazamana.

Nilidhani ndiyo mwisho, turudi melini. Kumbe siku ndiyo kwanza inaanza. Kwenye uchochoro wa kina bosun ilitolewa meza ya plastiki, zikaja chupa za Ginebra, gin ya kwao, zile zenye picha ya Malaika Mikaeli akimkanyaga shetani, kazi ya mkono wa mchoraji wao mashuhuri Fernando Amorsolo alipokuwa bado mwanafunzi. Glasi ilikuwa moja tu. Wanywaji wa Kifilipino hawashiki kila mtu glasi yake. Kuna mmoja mwenye chupa, tanggero, anamimina, anakupa, unameza, unarudisha, anammiminia anayefuata. Inazunguka kama vikombe vya muuza kahawa wetu wa barazani, ila huku hakuna ndoo ya kusuuzia.

Bosun aliwaambia mimi Mwislamu, sinywi. Hawakushangaa, Waislamu wa Mindanao, kisiwa chao cha kusini, wanawajua, na msikiti wenye kuba la dhahabu pale Quiapo hauko mbali. Wakajadiliana kidogo kwa Kitagalog, wakacheka, halafu chupa ikasukumwa mbele yangu. Nisiyekunywa ndiye nimimine, maana sitajipendelea wala mkono hautatetemeka. Sheikh wetu wa madrasa angeniona angezimia. Lakini nilikuwa mgeni wa watu kwenye msiba wao, sikuona pa kukataa.

Na ile kazi ina madaraka, bwana! Tanggero ndiye anayeona nani amelewa apunguziwe, nani anaruka zamu, nani anaanza kutafuta ugomvi. Glasi ya kwanza humwagwa chini, ni fungu la mashetani. "Hiyo ya Mayweather," akasema yule mzee aliyenikaba, na ndiyo mara ya kwanza watu walicheka tangu matokeo. Kitoweo cha wao kilikuwa sisig, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa, inachemka juu ya bamba la chuma. Mama wa nyumba alinichomea mimi mwatiko mzima, tumboni amejazwa nyanya na vitunguu, akauweka upande wangu wa meza na sahani yake, na kijiko chake, kisichoguswa na mtu.

Jioni ikaja mashine ya videoke, yaani karaoke ya kwao, ya kukodi. Hapo ndipo nilipowaona wanaume wa Tondo walivyo. Mtu ana tatuu hadi shingoni, anafumba macho anaimba nyimbo za mapenzi za mwimbaji wao April Boy Regino mpaka sauti inakatika, na wenzake wanaitikia kwa heshima. Kwenye kitabu cha namba, "My Way" ya Frank Sinatra ilikuwa imefutwa kwa kalamu nyeusi. Nikauliza. Bosun akaniambia watu wameuana kwa wimbo huo. Mwaka 2007 huko San Mateo, Rizal, mlinzi alimpiga risasi kijana wa miaka 29 kwa sababu ameuharibu. Nikapunguza vipimo vya glasi bila kumwambia mtu.

Zamu yangu nilichagua Kenny Rogers, ambaye Kenya nzima inamjua. Wao wanamjua zaidi kwa mikahawa ya kuku yenye jina lake. Mashine, ambayo hutoa alama kwa kila mwimbaji, ikanipa 97. Yule mwenye tatuu, aliyetutoa machozi wote, alikuwa amepewa 82. "Hata hii ni jaji wa Las Vegas!" mtu akapiga kelele.

Ndipo mzee akanigeukia. Wewe si Mfilipino, si Mmarekani, na hujanywa. Nani ameshinda leo?

Meza yote ikanyamaza. Bosun akatazama viatu vyake.

"Mayweather, tatay," nikasema, yaani baba. "Kwa pointi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Kwa pointi hushinda karani," akasema. "Mimina."

Nikamimina, na yake nikaijaza.

Kesho yake tukapata habari kwamba Pacquiao alipigana na bega la kulia bovu, na siku chache baadaye akapasuliwa Los Angeles. Melini ikawa vita vipya. Mpishi alileta karatasi, wakaanza kuhesabu upya raundi moja moja mesini, chumba chetu cha kulia, na tunafunga kamba Singapore walikuwa bado hawajampa Mayweather hata nne.