Siku tatu za ngalawa, Tanga hadi Bagamoyo

Katika mashindano ya ngalawa, tuling'oa nanga Tanga tukiwa watu wanne, upepo wa kaskazi ukitusukuma, na siku ya kwanza hadi Pangani ilipita vyema. Siku ya pili ndiyo iliyotuvunja. Nahodha wetu, ambaye hakumwuliza yeyote jambo lolote, alikataa kupunguza tanga bahari ilipochafuka, ingawa mwenzetu mvuvi, aliyekulia majini, alimwonya mara mbili kwamba kamba za tengo la kushoto, ule ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke, zinalegea. Zilipokatika, tulikesha kwenye mchanga wa Saadani tukizifunga upya kwa mikono iliyochubuka, huku nahodha amelala. Maji ya kunywa, aliyoyagawa mwenyewe bila hesabu, yalikwisha kabla ya alfajiri. Bagamoyo tulifika wa mwisho. Namheshimu mno yule mvuvi. Usukani ulistahili kuwa wake tangu Pangani.