Niliyoyapata Vienna Bila Kuyafuata

Kila ninaporudi Mombasa likizo, shangazi zangu huniuliza maswali yale yale: mshahara ni kiasi gani, baridi ni kali namna gani, na je, wenyeji wananisemesha vizuri? Nayajibu yote kwa uaminifu, lakini nikishamaliza huona kwamba sijawasimulia hata jambo moja kati ya yale ninayoyakumbuka mwenyewe usiku nikikosa usingizi. Nilihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 2015, nikiwa na hesabu kamili kichwani: nijifunze Kijerumani, nisomee kazi ya kuwahudumia wazee, kisha niwasomeshe wadogo zangu wawili. Hesabu hiyo ilitimia, tena kwa jasho, na ninamshukuru Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, siku zilizonikaa moyoni ni zile ambazo hazikuwamo katika hesabu.

Katika majira yangu ya pili ya baridi, mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia nivae soksi mbili na nimfuate hadi Alte Donau, yaani Donau ya Zamani. Mto Danube, ambao kwa Kijerumani huitwa Donau, ulichimbiwa njia mpya iliyonyooka kati ya mwaka 1870 na 1875 ili kuuepusha mji na mafuriko, na mkono mmoja wa zamani ukaachwa kama ziwa jembamba lililopinda. Maji yake yametulia, ndiyo maana baridi ikizidi huganda. Nilipofika niliwakuta watoto wakiteleza kwa viatu vya vyuma, wazee wakitembea na mbwa wao, na mama mmoja akisukuma kigari cha mtoto mchanga, wote wakiwa juu ya maji ambayo miezi michache nyuma nilikuwa nimewaona watu wakiyaogelea. Nilikanyaga kwa mguu mmoja, kisha wa pili. Chini yangu barafu ilitoa mlio mrefu, mfano wa kamba ya jahazi inapokazwa. Mimi nimekulia Likoni, nimevuka kwa feri maelfu ya mara, na najua maji ni kitu gani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja yangenibeba kwa miguu yangu mwenyewe. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimesimama juu ya mto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Subhanallah. Haya, mwanangu, umeshaona, toka hapo." Nilitoka, lakini baada ya saa nzima.

Jambo la pili lilitokea kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 2018 tulimpokea bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 80, mwenye maradhi ya kusahau, ambaye Kijerumani chake kilikuwa kinampotea siku baada ya siku. Alikuwa hataki kuogeshwa, hataki kulishwa, na alipogutuka usiku alipiga kelele za hofu. Tulimhudumia kwa subira, lakini hatukupata njia ya kumfikia. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kumtandikia kitanda, na muda wangu wa mapumziko ulikuwa umewadia, basi nikasimama mlangoni mwa chumba chake kumpigia mama kabla hajatoka kwenda sokoni. Mama alipopokea simu nilisema kama kawaida, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu sauti nyuma yangu.

Mama kwenye simu alikuwa bado hajatamka neno. Niligeuka, nikamwona yule bibi ameinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, ananitazama kwa macho yaliyotulia ambayo sikuwahi kuyaona usoni mwake. Nilimwambia mama nitampigia baadaye. Nikasogea, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikarudia salamu, naye akajibu tena, kisha akaniuliza, "Habari za nyumbani?" Nililia waziwazi, na sikuona haya.

Mpwa wake alipokuja kumtembelea alitueleza kwamba shangazi yake, akiwa kijana, alifanya kazi ya uuguzi miaka kadhaa katika hospitali ya misheni huko Tanganyika, tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Familia ilikuwa na picha zake, lakini haikuwahi kumsikia akizungumza lugha ile. Kiswahili alichobakiwa nacho kilikuwa Kiswahili cha wodini: maji ya moto, dawa, vuta pumzi, geuka, lala, usiogope, pole. Maneno ambayo zamani aliwaambia wagonjwa wake, sasa mimi ndiye niliyemwambia yeye. Tangu siku ile sikuingia tena chumbani mwake kwa kugonga mlango tu, bali nilisimama kizingitini nikapiga hodi, na karibu siku zote alinikaribisha, na aliponikaribisha alikubali pia kuogeshwa. Nilimwandikia mkuu wetu wa zamu orodha ya maneno kumi na jinsi ya kuyatamka, ikabandikwa ndani ya kabati la bibi, na wenzangu kutoka Serbia, Ufilipino na Austria kwenyewe wakajifunza kusema pole.

Nimekaa sana kwa bibi huyu kwa sababu yumo pia katika jambo la tatu.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Eliud Kipchoge angejaribu kukimbia maratoni chini ya muda wa saa mbili, na kwamba angejaribia Vienna, katika bustani ya Prater. Mimi ni mtu wa pwani, na riadha, nikisema kweli, tumewaachia ndugu zetu wa Bonde la Ufa. Sikuwahi kutazama mbio ndefu hadi mwisho. Lakini Prater ilikuwa mahali nipitapo nikitoka kazini, na Mkenya alikuwa anakuja kufanya nyumbani kwangu jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba nilikanda unga, nikauacha uumuke, na alfajiri nikakaanga mahamri nikayafunga ndani ya leso yakiwa ya moto. Nikajaza chai ya maziwa katika chupa, nikapanda treni hadi Praterstern.

Barabara ya Hauptallee imenyooka zaidi ya kilomita nne, tambarare, na pande zote mbili imepangwa miti ya Kastanie, ambayo kila Oktoba huangusha kokwa za kahawia zinazong'aa mfano wa mbao iliyopigwa vanishi. Nilisimama chini ya mti mmoja kati ya watu waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Ujerumani. Dada mmoja wa Kapsabet aliona leso yangu akaniuliza, "Wewe ni wa Mombasa?" Dakika tano baadaye alikuwa anakula hamri, akiliita mandazi, na sikumsahihisha. Wenzetu wa nyumbani, ambao saa zao zilikuwa mbele yetu kwa saa moja tu, walikuwa wanatazama nao, na simu yake haikuacha kuita kutoka Eldoret.

Kipchoge alianza saa mbili na robo asubuhi. Mbele yake lilitangulia gari la umeme likimulika mistari ya mwanga barabarani, na wanariadha 41 walipokezana zamu ya kumwekea kasi, mabingwa wa mataifa mbalimbali waliokubali siku hiyo kuwa ngao ya upepo kwa mtu mmoja. Kila kilomita ilitakiwa imalizwe kwa dakika 2 na sekunde 50. Ukiambiwa hivyo huelewi. Nilielewa aliposogea karibu: hakikusikika kishindo, ila mchakacho mwepesi wa viatu, na kabla sijamaliza kutamka jina lake walikuwa wamekwisha pita. Aligeuka mwisho wa barabara akarudi, akapita tena na tena, na kila alipopita nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya kuchoka, nisiione. Mzee mmoja wa Kiaustria aliyekuwa kando yangu alishika saa ya mkononi akihesabu kwa sauti ya chini, na midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Mwishoni wale waliokuwa wakimwekea kasi walirudi nyuma wakamwachia njia. Kumaliza kwenyewe tulikuona kwenye skrini: anawanyooshea watu vidole, anajipiga kifua, anavuka mstari, anamkumbatia mkewe. Saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na waliomsaidia walikuwa wakibadilishana, na sina ugomvi na kanuni hizo. Mimi nilikuwepo. Yule dada wa Kapsabet alinishika mabega, akasema watampokea kwa mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kisha tukaimba wimbo wa taifa tukiwa watu kama ishirini chini ya mti ule, mimi wa Likoni na wao wa milimani, na Wazungu waliotuzunguka wakavua kofia.

Zamu yangu ilianza mchana. Nilifika sauti imekauka, leso ikiwa begani, mifukoni nina kokwa tatu nilizookota. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikaketi, nikamwekea bibi kokwa moja kiganjani, akaanza kuizungusha kwa kidole gumba. Nikamweleza polepole, kwa Kiswahili, kwamba leo hapa Vienna kijana wetu kutoka Kenya amekimbia mbali sana, kwa kasi sana, akafika.

Alinisikiliza kwa makini, uso umekunjamana, mfano wa muuguzi anayepewa habari za mgonjwa mpya.

"Pole yake," akasema. "Mpeni maji anywe."