Jino la sita kutoka katikati

Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya magego yake ya utoto huchomoza jino jipya. Halichukui nafasi ya jino lolote. Hakuna kinachong'oka wala pengo la kumshtua mama, na ndiyo maana wazazi wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbalizi hadi Makambako, hulihesabu kuwa jino la utoto. Likitoboka utasikia, "Liache, litang'oka lenyewe, litaota lingine." Halioti lingine. Hilo ni gego la kwanza la kudumu, mtoto anatakiwa kuzeeka nalo, na kati ya meno yote ya kudumu ndilo linaloongoza kwa kuoza mapema.

Kulitambua hakuhitaji daktari. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kila upande, juu na chini. Mweke mtoto mlangoni penye mwanga au washa tochi ya simu, mwambie apanue mdomo, kisha hesabu kuanzia katikati kuelekea nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukikuta la sita, hilo ni la kudumu. Magego haya ya kudumu ya kwanza yakitimia yatakuwa manne, na mara nyingi ya chini hutangulia. Kuna watoto wanaoanza kabla ya miaka sita na kuna wanaosubiri hadi saba. Usihangaike kwa hilo.

Jino hili huoza haraka kwa sababu huingia kinywani likiwa bado changa. Gamba lake la nje halijakomaa, na juu yake kuna vifereji vyembamba kuliko unywele wa mswaki, kwa hiyo uji na biskuti hujificha mahali ambapo hata mkono hodari haufiki. Tena linapanda polepole. Kwa mwaka mzima au zaidi linakuwa chini kidogo ya jirani zake, na mswaki unaokwenda mbele na nyuma unapita juu ya jirani bila kuligusa kabisa. Na ni kipindi hichohicho ambacho mtoto ameachiwa apige mswaki mwenyewe, eti ameshakuwa wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo piga mswaki wewe mzazi, angalau usiku, mpaka afike miaka minane hivi. Kaa kitandani, mtoto alaze kichwa pajani kwako. Mwambie afumbe mdomo nusu: akipanua sana shavu linakaza na mswaki hauingii nyuma. Pitisha mswaki mdogo, laini, ukitokea upande wa shavu, uukatize kwenye safu ya meno badala ya kuufuatisha, na usugue jino hilo moja peke yake mara kumi hivi. Ndipo uendelee na mengine, dakika mbili kwa jumla. Ukiona damu kidogo kwenye ufizi unaozunguka jino hilo usiache kusugua. Mara nyingi ni ukoga uliokaa muda mrefu, na ukisafisha kila siku damu hukoma ndani ya wiki moja au mbili.

Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha gamba la jino. Geuza tyubu usome nyuma: unatafuta namba iliyo kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila milioni. Katika maduka ya Mwanjelwa, Mbeya, zipo za kila bei, na ya bei nafuu yenye floraidi inafaa kuliko ya gharama ya mitishamba isiyo nayo. Mtoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji, maana maji yanaondoa floraidi ambayo ilitakiwa ibaki ikifanya kazi. Mkaa hauna floraidi na unakwangua gamba. Mswaki wa mti ukitafunwa ukalainika unasafisha meno ya mbele vizuri, ila kwa gego la mtoto wa miaka sita sioni namna utakavyolifikia.

Familia zilizohamia huku kutoka Arusha au Kilimanjaro huwa na hofu na floraidi, na hofu hiyo ina msingi. Yale madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa huko yalitokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi wakati meno yakijijenga ndani ya taya. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Punje ya njegere inayotemwa ni jambo tofauti kabisa. Na mwenye madoa hayo asidharauliwe, hayatokani na uchafu.

Sasa chai. Baridi ya Uporoto na Makete inataka kitu cha moto, na sitamwambia mtu aache. Tatizo ni idadi ya mara. Vijidudu vya kwenye ukoga vikipata sukari hutengeneza asidi ndani ya dakika chache. Asidi ikishusha pH (kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) chini ya 5.5 hivi, gamba la jino huanza kupoteza madini. Mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Mtoto anayekunywa kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi, akamaliza, huupa mdomo wake shambulio moja. Anayebeba chupa ya chai yenye kijiko kimoja tu akafyonza kidogokidogo kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi hayapi mate yake nafasi hata mara moja. Ubuyu wa getini ni vivyo hivyo, na mbaya zaidi, kwa kuwa una uchachu na sukari kwa pamoja, na mtoto huuweka shavuni, palepale lilipo jino la sita. Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Ikinywewa na chakula na kumalizwa, afadhali. Viazi, ndizi za kupika, parachichi, mahindi ya kuchemsha havina kesi na sisi.

Jino likishachomoza vya kutosha, mpeleke mtoto kliniki ya meno na useme wazi unataka vifereji vyake vizibwe kabla havijatoboka. Sema hivyo hasa, kwa sababu ukisema "tumekuja kuangalia meno" huenda ukaambiwa hayana shida. Kazi hii haihitaji sindano wala umeme. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika duniani kote. Mtaalamu husafisha vifereji kwa kijiti chenye ncha, hulizungushia jino pamba, hupaka majimaji ya kulainisha kwa sekunde 10 hadi 15, hufuta kwa pamba yenye maji, hukausha, kisha huchanganya unga wa dawa ya kuzibia na maji yake na kuukandamiza juu ya jino kwa kidole kilichopakwa vaselini. Ikishindikana, mara nyingi ni mate yamepita chini ya pamba, au mchanganyiko umepoteza mng'ao kabla ya kuwekwa na hivyo haushiki. Baridi nayo huchelewesha dawa kukauka, kwa hiyo Juni na Julai kidole kikae muda mrefu zaidi. Mtoto asile kwa saa moja.

Jino likishaanza kuuma, namna linavyouma lina maana. Likistushwa na maji baridi na maumivu yakaisha papo hapo, bado linazibika. Nenda wiki hiyohiyo. Likipwita lenyewe usiku hadi mtoto anaamka, kiini kimeshaathirika, na kinachobaki ni matibabu ya mzizi au kung'oa. Usiweke aspirini juu ya jino, inaunguza ufizi. Uvimbe chini ya taya pamoja na homa, shida ya kumeza au mdomo kushindwa kufunguka ni dharura ya usiku huohuo, hospitali, usisubiri kupambazuke.

Walimu wana nafasi ambayo sisi wa kliniki hatuna, kwa sababu watoto wako nao kila siku. Tyubu ya gramu 100, kwa robo gramu kila mtoto, inatosha mara 400: watoto 80 kwa siku tano za wiki. Baada ya uji wa saa nne, mwalimu aweke matone ya dawa kwenye sahani safi, kila mtoto achote tone lake kwa mswaki wake, ili hakuna mswaki unaogusa tyubu. Kwa kuwa wanatema bila kusukutua, hata shule yenye shida ya maji inaweza. Yanahitajika ya kusuuzia miswaki tu. Jina liandikwe kwenye mpini kwa rangi ya kucha. Miswaki isimame wima kwenye ubao wenye matundu, isigusane, wala isifunikwe kwa mfuko, maana ikikaa na unyevu huota ukungu. Shule ikifungwa kila mtoto aende na wake nyumbani, na muhula mpya uanze na mswaki mpya.