Fundi wa Gikomba na pembe ya digrii 60

Kila idara ya hisabati huwa inapata wageni wa aina hii, mtu anatoka huko nje na bahasha kubwa anasema ametatua kitu kimewashinda wasomi, na pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wengi wao walikuwa wanaishia kwa sekretari. Huyu alipita kwa sababu ilikuwa 2017, mwaka ule wa migomo ya wahadhiri, korido tupu, na supavaiza wangu, Prof, alikuwa amekuja tu kuchukua karatasi zake.

Alikuwa fundi wa mbao soko la Gikomba, penseli bado iko kwa sikio. Akasema ameweza kugawa pembe yoyote mara tatu sawasawa kwa rula na kompasi peke yake. Mi nilikuwa nasoma masta na jibu nilikuwa nalo, hiyo kitu haiwezekani, Mfaransa mmoja wa hisabati, Pierre Wantzel, alishathibitisha 1837, so nikaanza kumtafutia njia ya mlango kwa heshima. Prof akanikata, "Wacha mzee achore kwanza."

Akatandaza manila mezani. Akachora pembe ya digrii 60, akaigawa nusu, nusu tena, hapo ana 15. Hiyo 15 nayo akatafuta robo yake akaiongeza juu, halafu robo ya hiyo robo, halafu tena: 18.75, 19.6875, 19.92 na kitu. Ncha ya kompasi alikuwa ameinoa kwa tupa na mkono haukuteleza hata kidogo. Akaweka protrakta, ikasoma 20 kabisa.

Prof akatabasamu, na si kwa dharau. "Mzee, nani alikufunza hii?" Hakuna. Alikuwa anatafuta tu namna ya kutengeneza meza ya pande tisa, oda ya kastoma fulani. Na ukweli ni kwamba hesabu yake iko sawa, robo jumlisha robo ya robo, ukienda hivyo bila mwisho unafika theluthi haswa, Archimedes mwenyewe, yule Mgiriki wa kale, alitumia jumla ya namna hiyo kupata eneo la parabola, ule mkunjo. Shida ni hapo kwa "bila mwisho", kompasi lazima itue mahali.

Mzee hakushikika haraka. "Haya, yangu imebakisha kidogo. Lakini nyinyi mmejuaje hakuna njia ingine, kwani mmejaribu zote?"

Haki ya Mungu, mi nilifanya mtihani wa nadharia ya Galois, ile inayoonyesha milinganyo gani haitatuliki kwa vipeuo, nikapita na hilo swali halikuwahi kunijia. Prof akachukua chaki. Rula na kompasi zinaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kutafuta kipeuo cha pili, basi, hazina ingine. Kosaini ya digrii 20 inatoka kwa 8x³ − 6x − 1 = 0, na hiyo huwezi kuivunja ukitumia namba nzima na sehemu, ni ya daraja la tatu, na vipeuo vya pili hata ukivirundika vipi vinakupa madaraja ya mbili, nne, nane, kumi na sita. Tatu haipatikani humo.

Mzee akauliza hiyo iliyobaki ni kiasi gani kwa meza ya upana wa mita moja. Nikapiga hesabu kwa simu, kwa ukingo haifiki milimita.

"Na msumeno unakula mbili," akasema, akakunja manila yake.

Muhula uliofuata Prof aliweka hiyo jumla ya robo kwa mtihani wa mwaka wa pili, wengi wakairuka.