Aiskrimu ya ndoo na chumvi

Jumapili umeme ulikatika tangu asubuhi, nami nilishawaahidi wanangu aiskrimu. Basi nikanunua barafu za mifuko, nikazipondaponda kwa mchi ndani ya ndoo, nikamwagia chumvi ya mawe, kisha nikatumbukiza katikati kisufuria chenye mfuniko: maziwa, sukari, iliki. Tukapokezana kukizungusha.

Chumvi ndiyo siri yenyewe. Huifanya barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya nyuzi 0, na inapoyeyuka huvuta joto la kilicho jirani yake, yaani maziwa. Baada ya robo saa kisufuria kilishika ukungu mweupe kwa nje na vidole vyangu vikaanza kuuma.

Hapo nikamkumbuka Nancy Johnson, mwanamke wa Marekani aliyepata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1843 kwa mashine yake ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono. Ndoo, kopo ndani yake, mpini juu, na kifaa cha kukwangua aiskrimu inayoganda ukingoni. Hicho cha kukwangua ndicho nilichokikosa! Kila baada ya dakika chache nilifunua, nikakwangua kwa mwiko, maana ukiacha unapata jiwe la barafu. Mama yule alitupunguzia kazi kubwa, na kwa maoni yangu jina lake halitajwi vya kutosha.

Ilituchukua karibu saa nzima. Ilitoka laini, yenye chembechembe kidogo za barafu, iliki imekolea. Kitinda mimba wangu hakuuachia ule mwiko.